Kitabu Kinachoruhusiwa Kuchakaa

Katika shule nyingi za msingi za serikali nchini Tanzania, mkutubi, yaani mtu aliyesomea kazi ya kukusanya vitabu, kuvipanga na kuvifikisha kwa wasomaji, hayumo katika orodha ya watumishi. Kazi yake hukabidhiwa mwalimu ambaye tayari ana vipindi vya Hisabati au Sayansi, ambaye pengine pia ni mwalimu wa michezo au wa afya, na ambaye huitwa mwalimu wa maktaba hata pale ambapo maktaba yenyewe ni kabati moja katika ofisi ya mwalimu mkuu. Kata ya Mkula, iliyomo katika Wilaya ya Busega, Mkoa wa Simiyu, inafaa kuwa mahali pa kulitafakari jambo hili kwa sababu hali yake inafanana na ya kata nyingine nyingi za Usukumani: ni eneo la wakulima wa pamba na wafugaji wa ng'ombe, upande wa mashariki wa Ziwa Viktoria, linalojulikana zaidi kwa hospitali yake inayoendeshwa na Kanisa la Africa Inland kuliko kwa jambo lolote linalohusu vitabu. Swali linalostahili kuulizwa hapo ni dogo kwa sura, lakini majibu yake yanagusa namna taifa zima linavyokielewa kitabu: mwalimu wa aina hiyo, akipewa nafasi ya kujifunza ukutubi, afundishwe nini kwanza?

Njia rasmi ya kuipata taaluma hiyo inajulikana. Mhitimu wa sekondari anaweza kuomba nafasi katika Chuo cha Ukutubi na Uhifadhi wa Nyaraka kilichopo Bagamoyo, kilichoanzishwa mwaka 1989 chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania, akasoma ngazi ya cheti na kuendelea hadi stashahada. Anayetaka zaidi huenda Chuo Kikuu cha Dar es Salaam au vyuo vikuu vingine vyenye idara za sayansi ya habari. Kutoka Mkula hadi Bagamoyo ni safari ya zaidi ya kilomita 1,000, lakini umbali wa barabara si kikwazo kikubwa kuliko umbali wa ajira, kwani aliyehitimu huko hutazamia kufanya kazi katika chuo, katika taasisi ya serikali au katika maktaba ya mkoa kama zile za Mwanza, Musoma na Shinyanga, ambako cheo chake kinatambulika na mshahara wake una mahali pa kuandikwa. Shule ya msingi haina cheo hicho cha kumpa. Kwa hiyo taaluma ipo, chuo kipo, na shule zipo, ila hakuna mlango unaoviunganisha.

Hali hiyo ina historia yake. Mwaka 1960, Sydney Hockey aliandaa ripoti juu ya maendeleo ya maktaba Afrika Mashariki, na kutokana na mapendekezo ya namna hiyo Tanganyika ilipitisha sheria ya huduma za maktaba mwaka 1963. Mwaka huohuo shule ya ukutubi ya Afrika Mashariki ilifunguliwa Makerere, Uganda, ili vijana wa nchi hizi wasilazimike wote kwenda Uingereza kusomea kazi hiyo. Maktaba Kuu ya Taifa jijini Dar es Salaam ilifunguliwa na Rais Julius Nyerere tarehe 9 Desemba 1967, na sheria ya mwaka 1975 ikaunda Bodi ya Huduma za Maktaba iliyopo hadi leo. Ezekiel Kaungamno, mkurugenzi mzalendo wa kwanza wa huduma hiyo, alikuwa miongoni mwa watu waliosisitiza kwamba vitabu ni sehemu ya ujenzi wa taifa. Hata hivyo mpango ulishuka kutoka juu kwenda chini, kutoka makao makuu hadi mikoani na kutoka mikoani hadi katika baadhi ya wilaya, na uliposhuka ulipungua nguvu, kiasi kwamba mtoto wa darasa la pili, ambaye kwa mantiki yoyote ya elimu ndiye msomaji wa kwanza, akawa wa mwisho kufikiwa.

Mafunzo ya ukutubi, kama yanavyotolewa duniani kote, huanza na mpangilio. Mwanafunzi hufundishwa kusajili kitabu, yaani kukiandika katika daftari maalumu na kukipa namba isiyorudiwa. Hufundishwa kukiorodhesha, yaani kueleza mwandishi, jina, mchapishaji na mwaka. Kisha hufundishwa kukiainisha, yaani kukipa namba inayoonyesha somo lake na mahali pake rafuni. Mfumo unaotumika zaidi kwa kazi hiyo ya mwisho ni ule wa desimali uliochapishwa mwaka 1876 na Mmarekani Melvil Dewey, ambao unagawa maarifa yote katika makundi makuu kumi, kuanzia 000 hadi 900. Ni mfumo wenye manufaa makubwa katika maktaba yenye vitabu 50,000. Katika kabati la shule ya Mkula unakutana na kituko kimoja ambacho walimu wa ukutubi hawakitaji mara nyingi: fasihi ya Kiingereza imetengewa eneo zima la 820, wakati fasihi ya Kiswahili imewekwa mkiani mwa kundi la 800, kwenye namba 896.392, pamoja na lugha nyingine za Afrika. Na kwa kuwa karibu kila kitabu cha hadithi kilichomo katika kabati hilo ni cha Kiswahili, karibu vyote vitapata namba ileile moja. Namba isiyotofautisha kitu na kitu haimsaidii mtoto wala mwalimu.

Kinachomsaidia mtoto ni kujua kitabu kipi anakiweza. Ndiyo maana shirika la Room to Read, ambalo limeanzisha maktaba katika shule za msingi kadhaa nchini, hupanga vitabu kwa rangi kulingana na ugumu wa kusoma: rangi moja ni ya vitabu vyenye picha kubwa na neno moja au mawili kwa ukurasa, nyingine ni ya sentensi fupi, na kuendelea hadi hadithi ndefu zenye sura. Mpangilio huo humtaka mkutubi akisome kila kitabu kabla ya kukibandika rangi, jambo ambalo mfumo wa Dewey haulazimishi, kwa sababu mtu anaweza kuainisha kitabu kwa kutazama jalada na yaliyomo tu. Mwalimu wa maktaba aliyesoma vitabu vyake vyote 200 anavijua kuliko mkutubi mwenye stashahada anavyovijua vitabu vyake 20,000, na faida hiyo ya udogo haipaswi kupuuzwa na wale wanaoandika mitaala ya mafunzo.

Lakini mpangilio, uwe wa namba au wa rangi, si somo la kwanza. Somo la kwanza ni kuazimisha, na ugumu wake hautokani na ufundi wowote bali na hofu. Kitabu kinachoingia katika shule ya serikali ni mali ya umma. Huandikwa katika leja, hugongwa muhuri, na mwalimu mkuu huwajibika kwacho siku mkaguzi anapofika. Mkaguzi huhesabu vilivyopo na kulinganisha na vilivyoandikwa. Hakuna safu katika leja inayoonyesha kitabu kimesomwa mara ngapi, na hakuna mwalimu anayeitwa kujieleza kwa sababu vitabu vyake ni vipya mno baada ya miaka mitano. Katika mazingira hayo, mwalimu mwenye busara ya kawaida hufunga kabati na kutunza ufunguo, na hawezi kulaumiwa kwa uzembe, kwa kuwa anafanya kile hasa ambacho taratibu zinamtuza kwa kukifanya. Mhindi S. R. Ranganathan, mkutubi wa Madras, alipochapisha mwaka 1931 kanuni tano za ukutubi, aliweka ya kwanza kuwa vitabu ni vya kutumiwa, akikumbusha kwamba huko Ulaya ya zamani vitabu vilifungwa kwa minyororo kwenye rafu. Mnyororo wa Mkula ni wa karatasi, na unakaza vilevile.

Hesabu nyepesi inaweza kulionyesha jambo hili vizuri kuliko mahubiri. Ikichukuliwa kwamba kabati lina vitabu 100 vya hadithi, kwamba kila kitabu kinaazimwa mara moja kwa wiki katika wiki 30 za masomo, na kwamba vitabu 20 kati ya hivyo vinapotea au kuchanika kabisa kabla mwaka haujaisha, basi watoto watakuwa wamebeba vitabu kwenda nyumbani mara karibu 3,000, na kila safari 150 zimegharimu kitabu kimoja. Hakuna semina, hakuna mtihani wa majaribio, wala hakuna kipindi cha ziada kinachoweza kumpatia mtoto wa kijijini mazoezi ya kusoma kwa bei hiyo. Hata hivyo, mwisho wa mwaka leja itasema kwamba mwalimu huyo amepoteza mali ya umma kwa asilimia 20, na kwamba mwenzake wa shule jirani, ambaye kabati lake halikufunguliwa, hana hoja ya kujibu.

Kanda ya Ziwa iliwahi kupata funzo kuhusu gharama ya vitabu vinavyochakaa, na kumbukumbu yake ingepaswa kufundishwa kwa kila anayeingia katika kazi ya maktaba huko Simiyu. Kati ya mwaka 1968 na 1972, mikoa ya Mwanza, Mara, Shinyanga na Ziwa Magharibi, ambao sehemu yake kubwa leo ni Kagera, ilikuwa uwanja wa mradi wa majaribio wa elimu ya watu wazima ulioendeshwa na serikali kwa ushirikiano na UNESCO, makao yake yakiwa Mwanza; vitabu vya kujifunzia kusoma viliandikwa kwa kufuata kazi za watu, na kwa wakulima wa Usukumani kazi hiyo ilikuwa pamba. Busega wakati huo ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Mwanza, na ikabaki hivyo, ndani ya Wilaya ya Magu, hadi Mkoa wa Simiyu ulipoundwa mwaka 2012. Watu waliojifunza kusoma walihitaji kitu cha kusoma, la sivyo wangesahau, na kwa sababu hiyo kukaanzishwa gazeti la vijijini la Elimu Haina Mwisho na, nchini kote, maktaba za vijijini zilizowekwa shuleni, katika ofisi za chama au katika zahanati. Waliozisimamia walikuwa wanakijiji wenye elimu ya msingi, waliopewa mafunzo ya siku chache na posho ndogo.

Mafunzo hayo mafupi hayakuwa kosa. Mtu mwenye elimu ya darasa la saba anaweza kabisa kuandika nani ameazima nini na lini, na anawajua majirani zake wote kwa majina ya ukoo, jambo ambalo hakuna chuo kinachoweza kumfundisha. Kilichoziangusha maktaba za vijijini ni kwamba vitabu vya awali vilipochakaa katika miaka migumu ya 1980 havikuletwa vingine, karatasi ikawa adimu, posho ikakatika, na msimamizi akabaki na rafu ya vijitabu ambavyo kila mtu kijijini alikwisha kuvisoma. Takwimu rasmi za wakati huo zilionyesha watu wazima wasiojua kusoma wakipungua hadi chini ya asilimia 10 mwaka 1986, kisha idadi yao ikaanza kuongezeka tena. Kuchakaa kwa vitabu kulihesabiwa kuwa mwisho wa maktaba badala ya kuhesabiwa kuwa gharama ya kawaida ya kila mwaka, kama ilivyo chaki.

Baada ya hapo fedha zilirudi, lakini zilikuja kwa mlango mwingine. Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, maarufu kama MMEM, ulioanza mwaka 2002, ulileta ruzuku ya uendeshaji kwa kila mwanafunzi, na hadi kipindi cha elimu bila ada kilichoanza Januari 2016 kiwango kilichotajwa kilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa shule ya msingi kwa mwaka, sehemu yake ikibaki serikalini kwa ajili ya vitabu. Vitabu vinavyonunuliwa kwa fungu hilo ni hasa vya kiada, yaani vile vinavyofuata muhtasari wa somo na kutumika darasani. Vitabu vya ziada, yaani vile ambavyo mtoto husoma kwa kupenda, vimeachwa kwa kiasi kikubwa mikononi mwa wafadhili na wachapishaji. Mradi wa Vitabu vya Watoto Tanzania, ulioanzishwa mwaka 1991, ulitambua mapema kwamba kuchapa vitabu peke yake hakutoshi, na mnamo mwaka 1997 ukaanza mpango wa kuwafundisha walimu namna ya kuvitumia: kusoma kwa sauti, kuunda vilabu vya wasomaji, kuwaacha watoto waigize hadithi na kutunga zao. Hiyo ilikuwa shule ya ukutubi wa watoto, ingawa haikujiita hivyo na haikutoa stashahada.

Kusoma kwa sauti kunastahili kutazamwa kwa utulivu zaidi, kwa sababu ndiko ambako mazingira ya Mkula yanadai ujuzi ambao vitabu vya ukutubi vilivyoandikwa Ulaya au Marekani havikuufikiria. Mtoto anayeingia darasa la kwanza huko ameishi miaka sita au saba ndani ya Kisukuma, lugha yenye wasemaji wengi kuliko lugha nyingine yoyote ya asili nchini, na Kiswahili cha kitabu kwake ni kigeni nusu. Mtoto huyo hajakosa hadithi. Amesikia kwa bibi yake habari za Masala Kulangwa, kijana mwerevu aliyelishinda zimwi Shing'weng'we lililokuwa limewameza watu, na anajua hadithi ina mwanzo, hatari na ukombozi. Anachokosa ni daraja kati ya hadithi anayoijua na alama nyeusi zilizo kwenye ukurasa. Mwalimu anayesoma kwa sauti, akasimama mahali pa hatari na kuuliza kwa Kisukuma nini kitafuata, kisha akaendelea kwa Kiswahili, anafanya kazi ya ukutubi kwa maana yake kamili, hata kama hajawahi kubandika lebo moja. Kutumia lugha ya nyumbani namna hiyo hakupingani na sera, kwani lugha ya kufundishia inabaki Kiswahili na kitabu kinabaki cha Kiswahili. Ila baadhi ya walimu huogopa, na mafunzo yanapaswa kuwaondolea hofu hiyo kwa kuwaonyesha namna ya kufanya.

Mahali pa kuwapa mafunzo hayo pamekwisha kupatikana. Tanzania sasa ina mpango wa Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, MEWAKA, unaosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania, ambao humfundisha mwalimu shuleni kwake au katika kituo cha walimu cha kata badala ya kumwondoa kwa miezi. Simiyu ni miongoni mwa mikoa 9 ya mpango wa Shule Bora, ambao umeisaidia MEWAKA kufika shuleni, na kabla ya hapo ilikuwa miongoni mwa mikoa ya mpango wa EQUIP-Tanzania, ulioendeshwa kuanzia mwaka 2014 kwa lengo la kuimarisha kusoma, kuandika na kuhesabu katika madarasa ya awali. Walimu wamezoea kukutana, kusoma moduli pamoja na kujaribu walichosoma. Hivyo hoja kwamba ukutubi wa shule ya msingi ungehitaji chuo kipya, kada mpya na bajeti mpya haina nguvu sana. Unahitaji moduli moja iliyoandikwa na mtu aliyewahi kukaa mbele ya kabati.

Wapo wanaodhani kwamba jambo lote hili limepitwa na wakati, kwa kuwa walimu waligawiwa vishikwambi baada ya Sensa ya mwaka 2022 na vitabu vinaweza kupakuliwa kutoka kwenye intaneti. Kishikwambi ni msaada mkubwa kwa mwalimu, hasa kwa kupata hadithi mpya ya kusoma kwa sauti, lakini hakiwezi kwenda nyumbani na watoto 90 wa darasa moja, na ndugu mdogo hawezi kukichungulia jioni uani huku mama akichambua mchicha. Kitabu cha karatasi kina adui zake, ambao ni mchwa, mvua, vumbi na mbuzi, na kila mmoja wao anadhibitika kwa njia ya kawaida: rafu yenye miguu mbali na ukuta, mfuko wa plastiki au wa kitambaa kwa kila anayeazima, gundi na uzi kwa kurasa zilizong'oka. Mambo hayo yanaweza kufundishwa kwa asubuhi moja.

Moduli hiyo, basi, ingeanza na daftari la kuazimia lenye safu nne: jina la mtoto, namba ya kitabu, tarehe ya kuchukua na tarehe ya kurudisha. Ingefuata kusoma kwa sauti, kisha kupanga kwa rangi, kisha kukarabati, na ingemalizia na somo ambalo halimo katika mafunzo mengi lakini ndilo linaloshikilia mengine yote: namna ya kukifuta kitabu kilichochakaa kutoka kwenye leja. Taratibu za mali za umma zinaruhusu kitu kilichokwisha kutumika kukaguliwa, kuandikiwa taarifa na kuondolewa daftarini kwa idhini ya mamlaka husika. Kamati ya shule inaweza kukutana mara moja kwa mwaka, ikaviona vitabu vilivyoraruka, ikalinganisha na daftari la kuazimia, na kupeleka maombi halmashauri. Mwalimu anayejua kwamba njia hiyo ipo, na kwamba daftari la kuazimia litamtetea, atafungua kabati. Asiyejua ataendelea kulifunga, hata angepewa shahada ya uzamili.

Wanaoandika moduli za MEWAKA, na maofisa elimu wa Busega, Bariadi na wilaya nyingine za Simiyu wanaokagua shule, wanaombwa kuanzia hapo hapo. Siku ya ukaguzi, kabla ya kuhesabu vitabu vilivyomo kabatini, waombe kwanza kuliona daftari la kuazimia, na wahesabu majina ya watoto yaliyomo.